Kicheko Mezani kwa Mama Geuza

Jina la Mama Geuza halikutoka kwa wazazi wake, wala hakulipata kanisani. Wazazi walimwita Perez, na marehemu mumewe alimwachia jina la Amolo. Hili la Geuza alilipatia katikati ya mji wa Eldoret, katika duka la santuri lililokuwa nyuma ya steji ya magari ya Soy, alikoajiriwa akiwa msichana aliyetoka juzi tu upande wa Ziwa, kwa Wajaluo. Kazi yake ilikuwa kuwawekea wateja santuri wazisikilize kabla ya kununua. Wateja wengi walikuwa na haraka. Walisikiliza upande wa kwanza, ule ambao redio ilikuwa imekwisha kuwachosha nao, kisha wakatoa hukumu papo hapo: huyu anajua kuimba, huyu hajui.

Perez hakuwaachia. Aliinua sindano, akaishika santuri kwa kingo zake kama mtu anayeshika chapati ya moto, akasema, "Tugeuze kwanza, ndio uhukumu." Alidai kwamba upande wa pili ndiko mwanamuziki alikoweka wimbo alioupenda mwenyewe, ule ambao mwenye studio hakuutaka. Mara nyingine upande wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, na wateja walimwambia hivyo bila kumficha. Naye alijibu kwamba sasa angalau wanajua. Basi watu walioingia dukani walianza kuuliza, "Yule msichana wa geuza yuko?" Alipoolewa akawa Mama Geuza, na kufikia hapo hata mchungaji alisahau jina la Perez.

Kaseti zilipokuja, duka lilifungwa. Mwenye duka alimruhusu Perez kuchukua sanduku moja la santuri zilizobaki. Miaka ilipita, mumewe akafariki, naye akafungua hoteli ndogo ya chai huko Kiplombe, kando ya barabara. Ilikuwa ya mabati, yenye meza moja ndefu ya mbao, na upande mmoja tu ndio uliojengwa kwa mawe: ukuta ulioelekea barabarani. Wateja wake walikuwa wa aina mbili. Wapo wakulima wazaliwa wa hapo, waliokuja na buti za mpira zenye tope la zizini. Wapo pia wafanyakazi waliotoka upande wa Ziwa kama yeye, waliopanga vyumba vya mabati karibu na barabara. Wote walikunywa chai moja, na wote walipenda kubishana juu ya muziki.

Ubishi wao ulikuwa na watu wawili wakubwa, wote marehemu. Wenyeji walikuwa na Antony Lelei, mpiga gitaa wa nyanda za juu. Watu wa Ziwa walikuwa na Rateng', ambaye sauti yake ya chini iliwafanya watu wazima wakae kimya matangani. Swali halikubadilika: kati ya hao wawili, ni nani aliyebadilisha maisha ya watu zaidi?

Mama Geuza aliona mapema kwamba swali hilo lingeweza kumvunjia vikombe. Kwa hiyo aliweka sheria. Yeyote anayetaka kumsemea mwanamuziki wake, lazima kwanza aseme jambo jema la yule wa upande mwingine, tena jambo ambalo wenye mwanamuziki huyo watalikubali. Akishindwa, meza yote humwambia "Geuza," naye hunyamaza mpaka amalize kikombe chake. Sheria hiyo ilidumu kwa miaka. Watu waliizoea kiasi kwamba hata wakibishana juu ya mbolea au wagombea udiwani, mmoja alimkumbusha mwenzake ageuze kwanza.

Ugomvi wenyewe ulianza na ukuta. Edwin, mchoraji wa mabango ya maduka, alikuja kwa Mama Geuza na ombi.

"Mama, hii ukuta yako inakaa bure," alisema. "Nipe nichore lejendi mmoja. Sura kubwa, mtu akitoka huko Soy aione akiwa bado mbali."

"Lejendi yupi?"

"Hiyo si siri. Lelei."

"Ukuta ni wangu lakini sura ni ya meza," Mama Geuza alimjibu. "Njoo Jumamosi. Watakayemkubali wote, huyo ndiye utamchora."

Edwin alikubali, ingawa alitabasamu kama mtu aliyekwisha kununua rangi. Alikuwa mpwa wa Mzee Nicholas, na labda alihesabu kwamba mjomba wake angelimaliza jambo hilo kwa neno moja. Mzee Nicholas alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyemletea Mama Geuza maziwa kila asubuhi, tangu siku hoteli ilipowasha jiko lake la kwanza.

Jumamosi hiyo meza ilijaa. Aliyefungua mazungumzo ni Odera, fundi wa umeme wa magari, mtu wa Ziwa mwenye kucheka kwa sauti.

"Nageuza kwanza," alisema, akiinua mkono kama aliye mahakamani. "Lelei aliifanya gitaa iingie harusini. Kabla yake gitaa ilikuwa ya walevi. Wazee wenyewe walisema. Nimekosea, Mzee?"

"Hujakosea," Mzee Nicholas alisema, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

"Sasa Rateng'. Nendeni kanisani kesho, msikilize kwaya yenu. Ile gitaa inayofuata sauti ya akina mama nyuma, ikipanda na kushuka, mnafikiri ilitoka wapi? Ni ya Rateng'. Iliokoka tu. Mkiitoa leo, kwaya itabaki na kayamba na uso wa mchungaji."

Meza ilicheka, na hata wenyeji walicheka. Mzee Nicholas alisubiri kicheko kiishe.

"Rateng' aliwafundisha watu kulia bila aibu," alisema polepole. "Hilo nampa. Lakini Lelei alitufundisha kusema mapenzi kwa lugha yetu. Zamani ukimpenda msichana ulimtuma shangazi, wewe mwenyewe ulikaa bubu. Lelei akaimba, tukapata maneno. Mimi nina ng'ombe wawili wenye majina ya nyimbo zake."

"Ndio maana maziwa siku hizi ni kidogo," Odera alisema. "Wanakaa wakingoja chorasi."

Mama Geuza, aliyekuwa akisukuma mandazi pembeni, alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Hivi ndivyo alivyopenda meza yake iwe. Kisha zamu ikamfikia Edwin.

"Lelei," Edwin alisema. "Andikeni Lelei tuende kazi."

"Geuza kwanza," watu wawili walimkumbusha.

"Mimi sigeuzi. Nigeuze nini? Huyo Rateng' wenu anafanya nini kwa ukuta ya Eldoret? Hapa ni kwetu." Alimtazama Odera, kisha akatazama meza yote. "Wale waliokimbia mwaka ule wangekimbia na nyimbo zao. Leo hatungekuwa tunabishana."

Hakuna aliyeuliza ni mwaka upi. Kila mtu mezani aliujua mwaka wa vurugu zilizofuata uchaguzi, wakati nyumba zilipochomwa na majirani wakapimana kwa majina yao, nani ni wa kabila gani. Wengi wa watu wa Ziwa walikimbia Eldoret wakati huo, na baadhi yao hawakurudi. Odera aliweka kikombe chini. Mwenzake mmoja alisimama, akavuta koti lake.

Katika ukimya huo Mzee Nicholas alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilitokea puani, kifupi, kama cha mtu anayemwona mtoto wake akifanya utundu mbele ya wageni. Kisha akainamia kikombe chake akanywa.

Mama Geuza alikisikia. Maneno ya Edwin yalimwuma, lakini alikwisha kuyasikia kwa watu wengine, barabarani na sokoni, na alijua namna ya kuyapita. Kicheko kile hakujua akipitie wapi. Alipangusa unga mikononi, akaenda mezani, akaanza kukusanya vikombe, vilivyojaa na vilivyobaki nusu.

"Mama, bado nakunywa," mtu mmoja alisema.

"Chai imeisha."

"Na ile sufuria inayofuka moshi?"

"Nimesema imeisha. Ukuta umeisha, lejendi wameisha. Nendeni nyumbani."

Walitoka mmoja mmoja bila kuagana. Mzee Nicholas alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akitaka kusema jambo, lakini Mama Geuza alimpa mgongo akaendelea kusugua meza ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake alfajiri pikipiki ya Mzee Nicholas ilisimama mlangoni kama kawaida, na mtungi wa maziwa umefungwa nyuma kwa mpira.

"Chamgei, Mama," alisalimia kwa lugha yake.

Kwa miaka yote Mama Geuza alimjibu salamu hiyo kwa Kikalenjin, na matamshi yake ya Kijaluo yakamchekesha mzee. Asubuhi hiyo hakuijibu.

"Maziwa sitaki," alisema.

"Ya jana yaliharibika?"

"Maziwa hayana makosa."

Mzee Nicholas alivua kofia. "Ni maneno ya Edwin. Mama, huyo ni kijana, na vijana wanaropoka."

"Edwin nitapambana naye mwenyewe. Simzungumzii Edwin. Wewe ulicheka."

"Kucheka tu?"

"Tu?" Mama Geuza aliweka ufagio chini. "Mwenzangu, ungetukana ningekutukana, tungemaliza. Ulicheka kama mtu anayesikia ukweli wa nyumbani kwake. Sasa nikikupimia chai, nitajuaje unakunywa na nani moyoni?"

"Nisamehe basi."

"Usiniombe hapa mlangoni, kuku ndio wanaotusikia. Ulicheka mezani, useme mezani. Mpaka siku hiyo, maziwa yako peleka kwingine."

Mzee Nicholas alivaa kofia yake, akaigeuza pikipiki kwa miguu bila kuiwasha, akaenda akiisukuma mpaka barabarani.

Juma hilo hoteli ilipika chai kwa maziwa ya pakiti. Wateja waliinusa. Mmoja aliuliza kama ng'ombe alipita karibu na sufuria au alitazama tu kutoka mbali. Mama Geuza hakucheka. Aliwapimia, akawaambia asiyeitaka ayaache mandazi pia. Usiku alilala akiwa na hasira, na alfajiri aliikuta ikimngoja kando ya jiko. Wenyeji walipungua mezani. Walikunywa haraka, wakaenda. Watu wa Ziwa nao walikaa kwenye kona yao, wakizungumza Kijaluo kwa sauti ya chini. Meza ile ndefu ilikuwa imekatika katikati, ingawa mbao zake zilikuwa nzima, na jambo hilo lilimtia hofu zaidi ya maneno yoyote. Kama meza ingekatika kabisa, hakuona kwa nini aendelee kuwasha jiko hapo.

Odera alikuja peke yake mchana mmoja, mikono yake ikiwa bado na grisi.

"Nipe huo ukuta," alisema. "Najua mchoraji wa mjini. Kesho Rateng' atakuwa amesimama hapo na gitaa yake. Hao wakipita waangalie upande mwingine."

"Na wewe pia?" Mama Geuza alimkazia macho. "Edwin anataka kunitoa kwenye ukuta wangu, wewe unataka kunifanya bango la kisasi chako. Rateng' hakuimba ili watu waangalie upande mwingine."

"Basi tufanye nini? Tunyamaze? Mzee wako alicheka, Mama. Nilimwona. Siku zote nimekwambia yule ni mtu mwenye nyuso mbili."

"Ni mnafiki," alikubali. Maneno yalimtoka kwa kasi, maana alikuwa ameyachemsha juma zima. "Anakaa kanisani mbele. Anajiita jirani. Kumbe ndani mna mtu mwingine kabisa."

Odera alikunywa kidogo, akakunja uso kwa ladha ya maziwa ya pakiti. Kisha akasema, nusu kwa mzaha, "Sheria ni yako, Mama. Geuza."

"Nini?"

"Umemsema Mzee upande mmoja. Geuza. Sema jema lake, tena ambalo mwenyewe angelikubali."

Mama Geuza alitaka kumfukuza. Alishika ukingo wa meza. Jema lenyewe alilijua. Alikuwa amelikwepa juma zima, kwa sababu ndilo lililoichochea hasira yake isizimike.

"Alinificha," alisema hatimaye.

"Lini?"

"Mwaka ule. Mlipokimbilia kituo cha polisi, mimi sikufika. Aliniweka kwenye stoo yake ya mahindi, nyuma ya magunia. Mke wake aliniletea chakula chini ya shuka, kama anayebeba mtoto. Usiku mmoja Mzee alikuja, akaniuliza kitu gani nimekiacha nyumbani ambacho siwezi kuishi bila hicho. Nikamwambia, kwa ujinga wangu, sanduku la santuri. Nilifikiri atanicheka. Alienda. Alilibeba begani peke yake, gizani, akipita kwenye shamba ili asionekane. Nyumba ilichomwa baadaye. Sanduku liko chumbani kwangu hadi leo."

Odera naye hakuwahi kuyasikia hayo.

"Kumbe Edwin hajui," alisema.

"Alikuwa mtoto. Hakuna aliyemwambia, siku zile tulikubaliana tusiseme, Mzee asipate shida kwa watu wake. Lakini yeye anajua, Odera. Kijana anasema tungekimbia na nyimbo zetu, na mtu aliyezibeba nyimbo hizo begani anacheka. Ndiyo maana siwezi kummeza. Angekuwa mtu mwingine, ningeshasahau."

Odera alimaliza chai ile mbaya yote, kwa heshima, akaenda.

Jumamosi iliyofuata watu walikuja, wengi wao kwa kutaka kujua kama hoteli itafungwa. Edwin naye alikuja. Alikaa mwisho wa meza akila maharagwe, amejikaza uso kama mtu asiyejali. Mama Geuza alimpimia sawasawa na wengine, wala hakumwangalia.

Pikipiki ilisikika nje. Mzee Nicholas aliingia na mtungi wa maziwa mkononi, akauweka sakafuni, akabaki amesimama nyuma ya benchi.

"Ninataka kumsemea mwanamuziki wangu," alisema. "Kwa hiyo nageuza."

Wote walimgeukia.

"Mwaka ule wa vurugu, mama huyu alikaa kwenye stoo yangu. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini ili asilie. Nyimbo za Rateng'. Mke wangu alimpelekea chakula, akarudi nazo kichwani bila kujua maneno yake. Mpaka leo anaziimba akikamua. Nina ng'ombe wenye majina ya nyimbo za Lelei, nao wanakamuliwa kwa nyimbo za Rateng'. Hilo ndilo jema lake, na ni la nyumbani kwangu." Alimgeukia mpwa wake. "Edwin, ulisema waliokimbia wangekimbia na nyimbo zao. Nyimbo hizo hazikukimbia. Nilizibeba mimi, kwa bega hili. Uliposema vile nilicheka, kwa sababu niliona aibu wewe na wenzako mnione mzee laini. Nilikosa. Nimekosa mbele ya meza hii, na mbele ya Mama."

Edwin alikuwa ameacha kijiko ndani ya maharagwe.

"Anko, sikujua," alisema.

"Hukujua," Mama Geuza alimjibu badala ya mzee, "lakini ulisema. Ungengoja ujue."

"Naomba radhi, Mama."

"Mwambie Odera. Yeye ndiye uliyemtazama ukisema."

Edwin alimwambia Odera, kwa sauti ndogo, huku akitazama mikono yake. Odera aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, wala hakulazimishwa.

"Na ukuta?" mtu aliuliza kutoka kona. "Sasa ni nani?"

"Hakuna," Mama Geuza alisema. "Sura moja ikikaa pale, nusu ya meza itakuwa inaingia kwa mlango wa mtu mwingine. Edwin, utaandika chai, mandazi, maharagwe."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na uandike vizuri, ionekane mtu akiwa bado mbali."

Watu walicheka, ingawa kwa tahadhari. Mzee Nicholas alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Mama Geuza alimwendea, akainama akauchukua mtungi.

"Usifikiri maziwa yamemaliza hasira yangu," alimwambia. "Ningali nayo. Nitakuwa nayo kesho."

"Sijafikiri hivyo, Mama."

"Basi keti. Umesimama kama askari kanzu."

Aliketi, karibu na Odera, kwa kuwa hapo ndipo palipobaki nafasi.

Mama Geuza alimwaga maziwa kwenye sufuria, akatia maji na majani, akachochea kuni. Nyuma yake Odera akauliza, kama mtu asiye na haja ya jibu, kama ng'ombe anayekamuliwa kwa Rateng' hutoa maziwa zaidi ya yule wa Lelei. Mzee Nicholas akasema ng'ombe hajali, ila hupiga teke mkamuaji asiyejua kuimba. Mtu akapinga. Mwingine akamwambia ageuze kwanza. Sauti zilianza kupanda, zikapishana, kila mmoja akidai mwanamuziki wake ndiye aliyewafanya watu wawe walivyo.

Mama Geuza hakugeuka. Chai ilipanda hadi ukingoni mwa sufuria, akaitoa motoni kabla haijamwagika. Alishika chujio kwa mkono mmoja na sufuria kwa mwingine, akachuja polepole kwenye chupa ya chai mpaka majani yakabaki peke yake, kisha akaifunga chupa kwa kifuniko chake na kuikaza.